Kamba Shingoni mwa Mbuzi

Kijiji cha Umoja, kwa njia ya Kitaya
Jumapili, 10 Septemba 1972
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo wa kusini, umande mwingi.

Mdogo wangu Somoe,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ismaili na huyo aliye tumboni. Mimi sijambo, ila vumbi la kuhama bado naliona hata kwenye uji.

Tuko hapa tangu tarehe 22 Agosti. Kijiji kizima cha mtoni kilihamishwa kwa siku moja, kwa magari mawili. Shule yangu bado ni nguzo sita zisizo na paa. Nyumba nimepewa, na ndani yake nimepewa bata aliyetaga kwenye boksi la chaki.

Mbuzi watano wa baba yako, mwenyeji wangu wa miaka mitatu, wako kwangu. Yeye mwenyewe hajafika hapa. Usishtuke: magari yalikwenda vijiji viwili na mifugo ilichanganyika. Karani wa uhamisho nilikuwa mimi, na kwenye orodha jina lake lina alama ya kupanda. Bila shaka yuko kule kwingine, kwa binamu yako Hassani.

Najifunza kuchunga. Jirani yangu Bi Mwanakombo amenikuta nawahesabu mlangoni mwa zizi.

"Mwalimu, wahesabu wakilala. Mbuzi hasimami mstarini kwa ajili ya Serikali."

Wanne wanalala. Yule jike wa kahawia, mwenye kitoto, halali. Husimama ameelekea mtoni, kwato mbili juu ya ukingo wa zizi, kama anayesikia anaitwa.

Dada yako,
Raheli


Shangani, Mtwara
27 Septemba 1972

Dada Raheli,

Salamu nyingi, na pole kwa kuhama. Sisi wazima, isipokuwa miguu yangu imevimba na bibi wa zamu kliniki amenikataza hata kubeba ndoo. Ismaili anakusalimu. Anasema huyo bata ndiye mwanafunzi wako wa kwanza.

Jana Hassani alikuja mjini kununua chumvi. Baba hayuko kwao. Hakufika hata siku moja. Hassani anasema, "Sisi tulijua yuko kwa mwalimu." Na ninyi mnajua yuko kwao. Baba yangu si kikapu, dada, kwamba kila gari lidhani kiko kwenye gari la pili.

Nakuuliza jambo moja, unijibu hilo kwanza kabla ya mengine. Ulimwona kwa macho yako akipanda?

Mdogo wako,
Somoe


Kijiji cha Umoja
Jumapili, 22 Oktoba 1972
Asubuhi: joto mapema, hakuna upepo, moshi wa mashamba.

Mdogo wangu Somoe,

Miguu inaendeleaje? Chumvi punguza. Mimi sijambo, ila usingizi umekuwa haba.

Nakuandikia habari ya jike wa kahawia. Jumamosi iliyopita alitoka zizini alfajiri akamwacha mtoto wake. Siku nzima kitoto kililia, watu wakaniambia nihesabu mbuzi wanne. Jua lilipokaribia kuzama akarudi, kwato zina tope jeusi la mtoni. Ni maili tano kwenda tu. Nadhani maziwa yalimrudisha.

Alipoondoka alikuwa na kitambaa cha buluu shingoni. Aliporudi hakuwa nacho. Alikuwa na kamba mpya ya ukindu, bado mbichi, yenye harufu ya majani.

Nimeivua, nimeiweka mezani ninaposahihisha madaftari. Imesokotwa kinyume. Nimejaribu kuisokotoa kwa mkono wangu nikakosea mara mbili. Bi Mwanakombo alipoiona aliweka chini ungo wake akasema, "Mtoni hakuna mtu, Mwalimu. Tulihama wote. Iondoe humo ndani." Tangu hapo hapiti uani kwangu baada ya magharibi.

Unamjua mtu anayesokota hivyo?

Dada yako,
Raheli


Shangani
3 Novemba 1972

Dada Raheli,

Salamu. Sisi wazima.

Ni Baba. Yeye ni mashoto, kamba yake huenda kushoto. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba kamba ya Mohamedi hujifungua ikimwona mtu wa mkono wa kulia. Nimelia, kisha nimecheka, Ismaili akadhani uchungu umeanza.

Baba yuko hai, yuko kwetu mtoni, peke yake. Nenda kamchukue. Mimi nimebakiza mwezi mmoja, na Ismaili bandarini hawampi ruhusa mpaka meli mbili zipakiwe. Mvua zikianza, kile kijito cha katikati hakivukiki. Nenda sasa, dada. Ulikula kwake miaka mitatu.

Na swali langu hukulijibu.

Mdogo wako,
Somoe


Kijiji cha Umoja
Jumapili, 7 Januari 1973
Asubuhi: mvua tangu alfajiri, imepungua saa moja na nusu.

Mdogo wangu Somoe,

Nimesikia umejifungua mtoto wa kike na kwamba nyote ni wazima. Namshukuru Mungu. Najua pia kuwa Hassani ndiye aliyekufikishia msiba. Mimi sikuthubutu kuwa wa kwanza. Barua hii nimeianza mara nne tangu Desemba.

Sasa nakujibu. Sikumwona akipanda.

Siku ile mifugo ilipakiwa kwanza. Kila mnyama alifungwa shingoni kitambaa cha nguo ya mwenyewe, watu wasije wakagombana wakifika. Mbuzi wa Baba walivaa vipande vya shati lake la buluu. Saa tatu na robo, nimeandika hivyo katika daftari langu la siku, alinijia ameshika unga wa mtama kwenye kifuu.

"Mwalimu, nipe dakika kumi. Naenda kaburini kumuaga mama yake Somoe. Mtu hahami bila kumwambia aliyemtangulia kulala hapo."

Nikamwambia, "Nenda, Baba. Nitakusubiri."

Dereva akawa anapiga honi. Nikaanza kusoma orodha. Nilipofika kwenye jina lake mtu mmoja akasema kutoka garini, "Mbuzi wake hawa hapa, yeye atakuwa wapi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikatia alama. Saa tatu na nusu gari likaondoka.

Nimejiuliza sana kama nilisahau. Sikusahau. Nilimwona mbuzi, nikaona inatosha.

Barua yako ilinifikia tarehe 16 Novemba. Kurudi mtoni kunataka kibali cha mwenyekiti, Ndugu Erasto, kwa ajili ya vita vilivyo ng'ambo ya mto. Nikawaza nitamweleza nini, maana orodha niliitia saini mimi. Nikasema nitakwenda kesho. Tarehe 18 jike alirudi na kamba mpya. Tarehe 25 tena. Nikazivua, nikaziweka pamoja na ile ya kwanza. Tarehe 2 Desemba alirudi na kamba fupi, iliyosokotwa nusu, ncha zimeachwa wazi. Hiyo nilishindwa kuivua. Tarehe 9 alirudi nayo ileile, imelowa. Tangu siku hiyo hajakwenda tena.

Tarehe 11 nilimweleza Ndugu Erasto kila kitu. Hakunigombeza. Aliandika kibali palepale, akasema, "Mwalimu, ungeniambia hata mbuzi amepotea, ningekuandikia siku ileile."

Tulikwenda na Mussa, mgambo, maji ya kijito yakitufika kiunoni. Baba alikuwa amelala barazani, amejifunika mkeka, uso umeelekea njia ya magari. Mguu mmoja alikuwa ameufunga vijiti kwa kamba zake mwenyewe. Mussa anasema huenda alilikimbilia gari akaanguka. Kutoka barazani hadi kisimani, na hadi kwenye muhogo, kulikuwa na mfereji laini katika udongo, wa mtu anayejivuta. Kikapu chake kilikuwa kando ya njia, kimefungwa tayari kwa safari.

Tulimzika karibu na mama yako. Mussa alisoma dua. Mimi nikamwambia tu kwamba tumefika.

Baba hakujua kuandika. Katika darasa la jioni la watu wazima alijifunza herufi tano, akasema zilizobaki atamalizia mvua zikipita. Zile kamba zilikuwa barua zake. Nilizisoma zote.

Dada yako,
Raheli


Kijiji cha Umoja
Jumapili, 18 Machi 1973
Asubuhi: mawingu mazito upande wa mto, mvua haijashuka.

Mdogo wangu Somoe, kama bado naweza kukuita hivyo,

Natumaini mtoto anakua na wewe umepata nguvu. Mimi ni mzima. Orodha ya uhamisho nimeisahihisha mbele ya kamati, na ukarani nimevuliwa. Kufundisha wameniachia.

Jana alikuja Elia, dereva wa lori la ushirika.

"Somoe kanituma mbuzi."

"Barua je?"

"Hakunipa barua. Kanipa maneno. Wanne nipakie, jike la kahawia nimwache."

Nikamwuliza kwa nini. Akatazama matairi ya gari lake kwanza.

"Kasema hivi: mwachie mwalimu. Kila akimwona mbuzi, amtafute na mwenyewe."

Nimempa Elia kamba zote nne, pamoja na ile fupi niliyoivua jana, nimezifunga kwenye gazeti. Zilikuwa zako tangu mwanzo. Anaondoka kesho asubuhi, barua hii ataileta yeye. Usipojibu nitaelewa.

Jike simfungi. Shingoni hana kitu.

Dada yako,
Raheli

Jumatatu, kabla Elia hajawasha gari: mvua ilishuka usiku. Jike alisimama tena ameelekea mtoni. Nilitoka na taa, nikaifuata njia hadi nyumba ya mwisho, nikatazama kama yupo mtu anayekuja. Nilirudi, nikakaa. Nilipata usingizi saa tisa na dakika ishirini.