Aliyegeuza Farasi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana binti yangu hajanipigia simu wiki ya pili sasa na kosa nadhani ni langu. Mume wangu Hjalti alifia mlimani vuli ya mwaka juzi, tulipokuwa tukikusanya kondoo, theluji ikaanguka, wenzake wakarudi, yeye akaendelea kwa ajili ya majike wawili. Kila majira ya baridi ndiye aliyekuwa akitusomea ukumbini simulizi ya kale ya bonde letu, na akimfikia Ketilbjörn, babu wa shamba letu aliyewaacha wenzake siku ya vita, pale palipoandikwa "Ketilbjörn akageuza farasi akarudi kwao," alikuwa anakohoa ili sentensi isisikike, na watu walikuwa wanakingoja kikohozi hicho wacheke. Sasa binti yetu Ásdís ameiandika simulizi upya kuwa riwaya, na huyo mwoga amempa mikono ya baba yake, anapasha joto glavu za mtoto kwapani kabla ya kumvisha, anawaita kondoo kwa majina, ni Hjalti mtupu. Dukani jirani yangu Guðni akaniuliza, "Steinvör, kumbe Hjalti ndiye aliyekimbia vita? Ndiyo maana alikuwa anakohoa." Alikuwa anatania, lakini niliacha maziwa kwenye kaunta nikaondoka. Ásdís anataka niisome sura hiyo ukumbini kabla ya Krismasi, mahali pa baba yake. Nikamwambia, baba yako hakugeuza farasi. Akajibu polepole, "Najua, Mama. Ndiyo maana nimeandika." Je, nikatae?

Steinvör

Dada Steinvör, pole kwa msiba, na pole ya pili kwa ukaidi wako. Ketilbjörn ana miaka elfu kaburini. Huko bondeni mnazibeba aibu za mababu kana kwamba ni za jana. Binti yako hakumfanya baba yake mwoga. Amemchukua mtu pekee katika simulizi yenu aliyerudi nyumbani, akampa mikono ya yule ambaye hakurudi. Hukuliona hilo kwa sababu na wewe umemkasirikia Hjalti kwa kutogeuza, ila hujathubutu kusema. Si dhambi, lakini hasira hiyo usimtwishe mtoto. Mpigie leo, usingoje apige yeye. Mwambie la glavu amelikumbuka sawasawa. Guðni mtafutie kiti cha mbele. Kisha simama usome, na ukiifikia sentensi ile, usikohoe.