Baba, Alhamisi Zako Zimepata Mtu

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache, ukiwa umeshafunga kabati la chaki na kuficha ufunguo ndani ya soksi. Soksi ile tulikabidhiwa hospitali. Ulishuku kila kitu, hata saa ya ukutani ya ukumbi wa mihadhara, ukidai wanafunzi wanaisogeza mbele ili watoke mapema. Tulikupenda hivyo hivyo.

Tunakumbuka ulivyowafundisha Kijapani vijana ambao Japani walikuwa hawajaiona hata kwenye kalenda. Siku ulipokwenda kujitambulisha ukweni, baba mkwe alikuuliza kazi ya namna hiyo mtu anakula nini. Ulimwinamia kwa heshima mpaka kiunoni, kama ulivyowafundisha wanafunzi wako. Mzee akadhani umeangusha kitu, naye akainama kukusaidia kukitafuta. Mama anasema hapo ndipo alipoamua kuolewa nawe.

Kila mwaka ulichana mihadhara ya mwaka uliopita na kuandaa mingine, ili mtu asije akategemea maandishi ya kaka yake. Mwanafunzi anayeitikia sana kwa kichwa, ulisema, huyo hajasikia kitu. Vijana walikuogopa mwaka mzima, mpaka ifike Siku ya Kijapani. Siku hiyo waliunganisha meza mbili, wakazitandika kitambaa chekundu na kuweka mto bapa juu yake, nawe ukapanda na kipepeo cha karatasi cha kujipepea. Ukiwa umepiga magoti pale, ulisimulia visa vya mabahili na wake wakali, kwa desturi ya wasimuliaji wa Kijapani: ukigeukia kulia wewe ni mwenye nyumba, ukigeukia kushoto wewe ni mpangaji. Mazoezi uliyafanya chumbani mbele ya kabati la nguo. Jirani aliwahi kumuuliza Mama, kwa upole, kama mna wageni wanaogombana.

Basi urithi mkubwa uliotuachia ni shaka, na aliyeubeba mwingi ni Mama. Wa kwanza kuangukiwa na shaka hiyo alikuwa msaidizi wako wa chuoni, yule mwanamke mwembamba uliyembandika jina la Kivuli kwa kuwa hakukosa kuwa nyuma yako. Mazishini hakutoa hata chozi moja. Mama aliliona hilo, akalihifadhi. Mwezi wa pili baada ya mazishi Kivuli akaja nyumbani na pakiti ya majani ya chai, akauliza taratibu kama angeweza kuazima kaseti za mihadhara yako. Mama akamjibu kuwa panya wamezimaliza. Wakati huo alikuwa amekalia kitanda chenyewe, na kaseti ziko uvunguni.

Kisha Shangazi, dada yako muuguzi, akaleta habari kwamba Kivuli sasa anasimulia visa vyako vyote, na hata kikohozi chako anakikohoa palepale ulipokuwa ukikohoa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama akasema, na kesho yake mlango wa chumba ukapata kufuli jipya. Sisi nasi tulimuunga mkono, tusiseme uongo.

Juzi juzi mkuu wa idara akapiga simu. Walitaka kumkabidhi Kivuli rasmi mihadhara yako ya Alhamisi pamoja na Siku ya Kijapani, lakini wakaona si vyema kufanya hivyo bila baraka za familia. Mama akasema jibu atalitoa Siku ya Kijapani yenyewe, palepale ukumbini, mbele ya watu. Ndani ya gari la Baba Mdogo alituambia jibu lenyewe ni hapana. Hatukumuuliza sababu, akaitoa mwenyewe.

"Akishakaa pale, miaka miwili tu watu watasema vilikuwa visa vyake. Baba yenu atakuwa amekufa mara ya pili."

Alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, kama mkaguzi wa shule. Alitazama vijana wakiandika kwa brashi. Alipopewa ndege wa karatasi, alimgeuza kwanza kumwangalia tumboni. Ndipo Kivuli akapanda mezani. Hakukalia mto. Alipiga magoti pembeni yake, kwenye mbao, akasema kisa hiki ni cha Mwalimu, akaanza. Ukumbi ulicheka. Sisi pia tulicheka, Baba, tusamehe. Mama alikuwa ameuma midomo, anatunong'oneza kwamba huko kukataa mto ni maigizo ya kuwalainisha wafiwa.

Lakini Mama si mtu wa kuacha jambo nusu. Kando yake alikaa mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitafuna karanga, asiyemjua Mama ni nani. Akamuuliza leo mto una nini hata usikaliwe.

"Huwa haukalii, Mama," kijana akasema. "Mwaka mzima anakaa hivyo hivyo kwenye mbao, hata mazoezini tukiwa watu wanne tu. Msimuliaji akimaliza, mto hugeuzwa, ndipo mwenzake anaukalia. Sasa huu, wa mwisho kuukalia alikuwa Mwalimu. Tukitaka kuugeuza anatukataza. Anasema hakuna aliyemwambia kwamba Mwalimu amemaliza."

Mama alitazama magoti ya yule mwanamke kwa muda mrefu.

Mkuu wa idara alipomwita, alipanda na mkoba wake, nasi tukainamisha vichwa, maana neno alilolibeba tulilijua. Alisimama mbele ya mto. Katikati palikuwa bado pamebonyea. Hapo Mama akalia, mbele ya watu wote, kilio alichokuwa akikificha nyuma ya kufuli lake mwaka mzima. Kisha akajipinda kwa shida, si unaujua mgongo wake, akaushika mto kwa mikono miwili, akaugeuza, akaupigapiga vumbi.

"Mwalimu amemaliza," akamwambia Kivuli. "Kaa wewe."

Yule ambaye hakulia mazishini alilia siku hiyo mpaka kipepeo kikamponyoka. Mama alisimama pale pale akimngoja, mpaka akakaa.

Tunaokukumbuka ni mkeo, ambaye bado analala upande wake tu wa kitanda, sisi wanao wawili, mshona nguo na fundi umeme, mdogo wako, dada yako, na Kivuli, ambaye jina lake limeingizwa kwenye tangazo hili kwa amri ya Mama, ingawa Mama anasema bado anamchunguza. Siku zote tunazoishi, Baba, wewe umo.