Kompyuta Nimeifungua Mwenyewe

Baba watoto na wanangu wawili,

Chai iko kwenye chupa. Nguo zianueni mvua ikianza. Chakula cha jioni ~~nitapika nikirudi~~ pikeni ninyi, wanaume watatu hamshindwi na jiko.

Kompyuta nimeibadilisha diski. Ndiyo, mimi. Jana mlinicheka mpaka machozi. "Mama, hiyo si cherehani!" Na wewe, baba yao, ukaniambia nikiiua nisije kukulilia. Hilo liliniuma.

Basi leo mlipotoka tu, nikanakili kila kitu kwenye diski mpya, kisha nikashika bisibisi. Nilipoiwasha, kioo kikabaki cheusi. Nikazikumbuka picha zote za marehemu mama yangu zilizomo humo. Nikaifungua tena. Kumbe diski sikuisukuma mpaka mwisho! Sasa inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Diski ya zamani iko kwenye droo, msiiguse.

Neno la siri nimelibadilisha. Anayelitaka aje kiwandani aniombe mbele ya washonaji wenzangu, baba yenu akitangulia.

Mama yenu, ambaye hakulia