Midomo Mbili kwa Filme Moja

Lubumbashi, Katuba, siku ya posho

Kwa mulamu wangu Kangwa, ku Lukafu.

Jambo sana, mulamu. Jambo kwako, jambo kwa bibi yako Mapalo mwenye uvumilivu, juu kuikala na weye myaka yote ile ni kazi ya mutakatifu, na padri angeyua angemutangaza angali muzima. Goti yako inasema nini? Bananiambia inakuuma tena. Mi nasema goti haina kosa, ni weye njo unailemeza na tumbo. Mihindi ilitoka muzuri? Na mbuzi yako ya pembe moja, ile inakushindaka akili, iko? Huku kwetu tuko bazima. Benita, mutoto ya dada yako, anakusalimu, anasema mujomba wake asisahau uyoga ikianza kutoka. Umeme inakuya, inaenda, sawa mugeni mwenye haya. Mi mwenyewe niko muzima sana. Meno ilibakia kiloko, lakini sauti, mulamu! Sauti ni ile ile.

Na ni juu ya ile sauti nakuandikia. Weka maji pembeni, uikale muzuri.

Unakumbuka mu kampu ya mine, wakati tulikuwa bijana, kamio, ile gari kubwa ya sinema, ilikuwaka inafika siku ya posho, banafunga shuka mweupe ku ukuta, na filme ya mapendo inaanza, na inasema Kifransa tu. Bantu bote bananyamaza sawa kuku mu mvua. Nani alisimama? Mi. Nilikamata kale ka-trompette ka bati, nikaanza kubasemesha bale bazungu Kiswahili. Kifransa sikusikiaka hata neno moja, lakini muntu akipenda anakunja uso sawa mwenye kuumwa tumbo, basi unayua pa kuanzia. Kapita, musimamizi ya kampu, alilia. Bibi ya kapita alilia. Imbwa ya kapita, nakulapia, ililala chini na ikafunika macho.

Shida ilikuwaka moja. Bale bazungu banapendana ovyo. Bwana anakutana na mwanamuke ku kona ya barabara, kisha kiloko amemukamata mukono, kisha bameoana. Bantu ya kampu banakasirika, banapiga kelele: bandugu ya mwanamuke beko wapi? Mahari alikula nani? Mara moja mama fulani alitupa kiazi ku shuka, ikamupata bwana-harusi pa pua. Basi mi nikabapatia bandugu. Muzee anapita nyuma na fimbo yake, nasema: muone, njo mujomba, anaenda kulomba. Mutumishi anafungua mulango, nasema: njo shangazi, anakatala kwanza, anataka bamuongezee mbuzi. Na bantu banarudia ku manyumba na roho mweupe. Dada yako Agnès alikuwaka anaikala chini, mbele kabisa, na alinipenda juu ya ile. Weye ulisemaka alinipenda juu kulikuwa giza na hakuniona muzuri. Nilikusamehe zamani.

Tangu Agnès, bibi yangu, alitutoka, ile mudomo ilifunga. Nisikudanganye. Nilikuwa naikala ku mulango, nasalimia bapita-njia, jua inazama, naingia. Bantu balisema muzee Donat amekuwa muntu ya adabu. Ona vile nilikuwa mugonjwa.

Mwaka hii bazee ya paroisse, parokia yetu, balilomba barudishiwe sinema ya bujana yabo. Benita alitafuta ile filme ya zamani yenye haina rangi, akaitia mu mashini yake ya kutupa picha ku ukuta, na kila siku ya Mungu, misa ikiisha na bantu bakisha kula, tunakutana mu salle, chumba kubwa ya paroisse. Padri akanilomba nisemeshe. Nilikatala kwanza, juu muntu mukubwa anakatalaka kwanza. Kisha nikasimama, bila trompette, na madirisha ikatetemeka. Bale bijana balikuya kucheka nguo ya zamani, balibaki na midomo wazi. Kuna mwenye anasema mpaka Karavia bantu bananisikia. Mi sikusema hapana.

Sasa nakuonyesha muntu moja. Banamuita Mama Victorine. Ni mujane. Bazazi yake ni bantu ya Kasai, baba yake alikuwaka karani ku reli, na yeye mwenyewe alifundishaka ku masomo mpaka nywele ikageuka. Anaikala mbele, anafuma tukofia twa batoto, na Kifransa anaisikia yote. Siku ya kwanza alikuwa anacheka fasi kwenye muntu mwengine hachekake. Nikapandisha sauti. Akacheka kupita. Kisha akanikuta ku mulango, akaniambia na heshima yote: Baba Donat, ule bwana alikuwa anamuambia bibi kama munganga alimukutia ugonjwa ya mapafu, na weye unasema analomba bukari na samaki. Nikamuuliza: mama, mwenye mapafu hakulake? Asema, anakula. Nikasema: basi nilikosa wapi? Alicheka mpaka sindano yake ya kufuma ikaanguka. Nikainama kuiokota na heshima ya kibwana, na mugongo ikakatala kurudia juu. Njo vile tuliyuana: ye ananivuta na mukono, mi nalapa kama kuna kitu ingine ningali natafuta pale chini.

Kisha ikakuya filme ya gari ya moshi. Bwana anaenda vita, bibi anabaki ku gare, fasi ya kupandia. Mi nasema maneno ya bwana, muzuri sana, bamama banatafuta bitambaa. Lakini nikifika ku maneno ya bibi, nikakaza sauti iwe nyembamba sawa siku zote, Mama Victorine akasimama. Asema, mbele ya salle yote: Baba Donat, unasemesha mwanamuke sawa mbuzi mwenye kufungiwa ku mvua. Mwanamuke asemewe na mwanamuke. Nikajibu: mama, kama unaweza, fasi iko. Na ye akaweka tukofia chini, akakuya kusimama upande yangu. Mulamu, sauti ya ule mama! Haipandishake. Inasema pole pole, na muntu ya nyuma kabisa anasikia. Bwana ya filme alimuambia nitarudia. Ye akamujibu: unasema utarudia, lakini nani atakata kuni? Salle yote ikapiga makofi. Mi nikasema tu: kuni nilikata asubui. Kumbe ilikuwa jibu muzuri.

Kuanzia pale tukawa midomo mbili. Bantu banatoka mpaka Kipushi. Tunagombana juu ya ukuta, tunapatana juu ya ukuta. Akinirekebisha Kifransa, mi namuambia Kifransa yake ni ya shule, yangu ni ya moyo. Ye asema: moyo yako haikupita mitiani. Na njiani kurudia, namubebea kitambaa yake ya kufumia, naye ananibebea fimbo, juu asema fimbo yangu ni ya kujionyesha. Kweli ni ya kujionyesha.

Sasa sikia. Siku ya Mungu yenye ilipita, Benita alitia filme ya bazee. Bwana mujane anaenda kumutembelea mwanamuke mujane. Mama anatia chai. Banaikala. Na hapo, mulamu, habasemi. Bananyamaza. Banaangalia vikombe. Mi niko nimesimama na mudomo wazi, na ku ukuta hakuna mudomo inatembea. Salle inangoja. Benita ananiangalia. Bazee banaanza kukohoa. Na ghafula nikasikia mi mwenyewe nasema, na haikuwa sauti ya filme, ilikuwa ile yenye naombaka nayo maji ya kunawa: mama, mu nyumba yangu kuna viti mbili, kimoja hakuna muntu anakikalia, na kila jioni nakipangusa.

Mama Victorine hakuangalia ukuta. Aliangalia mi. Na akauliza, pole pole, na muntu ya nyuma kabisa akasikia: na bandugu ya bibi yako, balikufungula?

Salle yote ikageuka kuniangalia. Juu kila muntu pale anayua kama hakuna muzungu ya filme anaulizaka ile. Bandugu ya marehemu kumufungula mwenye kubakia ni desturi yetu, haiko ya sinema. Na mi, Donat Chomba, mwenye nilisemesha imbwa, farasi, na munara ya kanisa, nikaangalia tu mukono yangu. Bale bazee ya ukuta balimaliza chai yabo, bakaagana, mashini ikazima, na ningali nimesimama. Benita akawasha taa. Akaniambia mu sikio: Papa, andikia mujomba Kangwa kwanza.

Unakumbuka, mulamu, kisha kilio ya Agnès kuisha, ulikuya na bushanga mweupe mu mufuko, ile yenye bandugu ya marehemu banafungaka ku mukono ya mwenye kubakia, kusema: enda, tunakuachilia, dada yetu hatakukamata nguo. Na mi nikaficha mukono nyuma sawa mutoto mwenye kuiba sukari. Nikakuambia: uniache, nataka kubakia wa Agnès. Weye hukufanya muchezo hata moja, na ile siku peke yake niliona kama uko muntu mukubwa. Ukarudisha bushanga mu mufuko. Ukasema: siku utaitaka, usitume muntu, usipige simu. Uandike na mukono yako, na makosa yako yote, niyue kama ni weye.

Njo hii. Makosa yangu yote iko ndani.

Mulamu, namupenda. Ona, ile neno nilibapatia bazungu mingi, nikaisema na kupiga kifua, na leo naiandika kiloko kabisa ku kona ya karatasi. Namupenda na myaka yangu, na mugongo yangu. Mutoto wake wa ku Kolwezi anamuita aende kuikala naye, na ye alisema atamujibu mvua ya kwanza ikinyesha. Unaona mawingu huko Lukafu? Huku inaanza kukusanyika.

Nilimufuata ku kwake kesho yake, nikamuuliza kama ile ulizo ilikuwa ya filme ao ya kweli. Asema: Donat, mi naomba Mungu kila asubui, lakini kule kwetu Kasai ni vile vile. Sitapika mu nyungu ya mwanamuke mwenye bandugu yake habakusema ndiyo. Alinipa chai. Nilikunywa nikaangalia kikombe, sawa bale bazee, na nikaelewa juu ya nini balinyamaza.

Usifikiri kama Agnès namutia nyuma ya mulango. Picha yake iko pale pale ku ukuta, na siku Victorine aliingia kusalimia Benita, aliona kioo yake iko na vumbi, akatoa kitambaa akaipangusa, akasema: jambo, dada. Mi nilikuwa nyuma, nikajifanya natafuta kofia. Kofia ilikuwa ku kichwa.

Kama roho yako inakatala, mulamu, uikatale. Sitakasirika. Nitamuambia Victorine, na ataenda Kolwezi, na nitaendelea kusemesha bwana na bibi mi peke yangu, na ile sauti ya mbuzi. Weye ni ndugu ya Agnès mbele ya kuwa wa mwengine yeyote, na mwenye kufunga njo mwenye kufungula, mi siwezi kujifungula mi mwenyewe hata na meno, na meno nimekuambia habari yake. Lakini kama roho inasema ndiyo, panda gari mbele ya barabara ya Lukafu haijageuka matope. Kuya na Mapalo, juu bila yeye utapotea ku stasyo ya gari. Usilete mbuzi, hata ile ya pembe moja, haitaheshimu bageni. Leta bushanga tu. Nayua hukuitupa.

Mukono nimeisukula na sabuni tangu asubui, nikavua saa, juu fasi yake njo kwenye utafunga bushanga. Naikala ku mulango, lakini sasa naangalia barabara.

Nafunga hapa, juu kidole inauma na Benita anataka meza. Usalimie Mapalo, usalimie majirani bote bale bananichekaka, na hata bale habanichekake, niko napanga kubachekesha. Ukipita ku kaburi ya bazazi yenu, weye na Agnès, ulaze mukono pale kiloko juu yangu. Mungu akuchungie goti. Sisi tuko, tunangoja.

Ni mi, mulamu wako mwenye hukuchagua,

Donat Chomba