Barafu ya Katana

Jumanne

Unisamehe, daftari, tangu nijifungue sijakuandikia.

Leo kwenye masomo ya Kiingereza mwalimu alieleza kwa nini Waingereza wanasema "kuvunja barafu" mtu akianzisha mazungumzo magumu. Zamani kwao, mto ukiganda kwa baridi, mashua moja ilitangulia kupasua barafu, nyingine zipate njia.

Nikamfikiria mama mkwe, kule Katana. Miezi mitatu amenuna, kisa nilimpa mtoto jina bila kumngojea. Lazima mmoja atangulie.

Nikampigia simu.

"Maman, mutoto iko anacheka sasa."

"Anacheka kama nani?"

"Kama wewe, Maman."

"Muongo." Lakini alicheka. "Nitume nini?"

Jina sibadilishi. Nimemwomba unga wa mtama wa uji, sombe ya majani ya muhogo, na yeye mwenyewe, Jumamosi.