Bushi Nne za Gari Jekundu

Bombolulu, Jumanne mchana

Kwako shemeji Kaviha, adui wa mahamri ya watu,

Lile gari langu kuukuu la spoti limepona! Bushi zote nne za nyuma, zile raba za kwenye maungio ya magurudumu, nimebadilisha peke yangu, na sasa nimejipumzikia kivulini.

Haya, nimeongopa kidogo. Kivuli chenyewe ni cha gari. Niko chini yake, ndani ya shimo la gereji, na sina pa kutokea.

Nati za bushi hazikazwi gari likiwa hewani, mpira utajisokota upasuke. Basi nikalishusha nikiwa humu humu, nikazikaza. Nilipotaka kuliinua nitoke, jeki ikatema mafuta, gari likateleza, gurudumu moja likaingia mdomoni mwa shimo. Sasa limenilalia kifudifudi.

Ruwaida wa dukani amenipenyezea kalamu na karatasi, huku akicheka. "Mzee Baya, ushazikwa na hujafa!" Yeye ndiye atakuletea barua hii hapo sokoni Kongowea. Simu yako hushikwa na mkeo, naye hachelewi kumwambia binti yangu Gladys.

Gladys anakuja saa kumi. Ameapa akinikuta tena chini ya gari ataliuza, na mimi anihamishie kwake Kiembeni, nikae kwenye kochi nitazame runinga hadi nife. Humu shimoni angalau nina spana mkononi.

Jeki yangu nzima uliiazima Pasaka, ukasema ni ya siku moja. Siku yenyewe ndiyo leo. Ilete, na usipige honi.

Shemeji yako wa chini,
Baya