Geji ya Tanuri Imekufa, Ami

Ami Athumani,

Geji ya mlango wa tanuri imekufa. Jumatatu alfajiri, wiki tano baada ya maziko yako, nilifunga mlango, mshale ukadondoka ndani ya kioo kama kucha iliyokatwa. Shikamoo. Najua marahaba sitaipata, lakini usidhani nimekuja kwa upole.

Umeniudhi, Ami. Tanuri uliniuzia mwenyewe, mimi niliyekuja hapa Junda kutoka Ukambani kuosha trei, nikapanda hadi nikashika funguo. Ukaniambia, "Mbithe mwanangu, geji ndiyo bwana wa nyumba. Ikifika mia na themanini, tia mikate ya boflo." Nikaiamkia geji hiyo kila alfajiri. Naigonga kwa kidole kama ulivyonifunza, nangoja mshale utulie, natia. Na tangu uondoke, boflo leo zinatoka nzuri, kesho mawe. Nikalaumu unga. Nikabadilisha unga. Nikagombana na muuza hamira mpaka hatusalimiani.

Basi nikaipeleka Changamwe kwa fundi wa vipimo. Akaifungua, akacheka. "Mama, hii haijahisi moto miaka. Springi ni kutu tupu. Mshale ulikuwa unapandishwa na kishindo cha mlango."

Kishindo cha mlango, Ami! Na usiniambie hukujua.

Nimenunua mpya. Fundi aliijaribu mbele yangu kwenye maji yanayochemka: mia moja, barabara. Nikatia boflo kwa mia na themanini, zikatoka mbichi. Mia mbili na ishirini, juu makaa, chini nyeupe. Fundi anasema geji inapima hewa, na boflo zinalala juu ya matofali.

Hapo ndipo nikakumbuka mkono wako. Hata baada ya kuniuzia ulikuja kila alfajiri, na kabla sijatia, ulikuwa ukirusha unga kidogo juu ya matofali, unasimama, midomo inacheza bila sauti, kisha unachungulia. Unga ukiwa bado mweupe, unafunga mlango. Ukiwa rangi ya chai ya maziwa, "Tia, tia!" Mimi mtu wa kanisani nilidhani ni dua. Nikawa nainamisha kichwa kwa adabu! Miaka yote nainamisha kichwa, na kipimo chenyewe kiko mbele ya macho yangu. Ulikuwa unapima muda, mzee wewe. Kwa kusoma sura.

Unga nimerusha. Rangi hiyo unga huifikia kila mara, ukingoja tu; moto unajulikana kwa muda unaochukua. Ungoje kiasi gani, ndilo sijui. Nikaenda kwa Bi Maryamu, mjane wako, yuko edani bado, kumuuliza ulikuwa ukisoma nini. "Wallahi mie sijui, mwanangu. Huku nyumbani hata maji ya chai hakuwa akijua yamechemka." Tukacheka, kisha akalia, nami nikazidi kukasirika, maana nilikuwa nimekwenda kwa kazi.

Ijumaa ni arubaini yako. Wanao wameniagiza boflo za khitma, za msikiti mzima. Watu watachovya boflo za tanuri lako kwenye mchuzi wa khitma yako, na zikitoka mawe hawatasema Mbithe kaharibu. Watasema Athumani hakuacha mtu nyuma yake. Hilo sitalikubali. Mtu umemwacha. Ulichosahau ni kumwambia.

Geji yako nimeifunga tena mlangoni, kando ya hiyo mpya. Haina kazi. Ila kidole changu kinaitafuta kila nikifunga mlango, na nimechoka kugonga bati.

Nakuahidi nitawalisha wageni wako boflo zilizoiva, hata nikeshe na tanuri hili. Lala salama, Ami. Lakini kwanza nijibu wazi, usinizungushe: ilikuwa Alhamdu au Kuluwallahu, na mara ngapi? Njoo ndotoni, njoo upendavyo. Nakupa hadi adhana ya alfajiri ya Ijumaa. Nikiisikia na wewe u kimya, narusha unga, nasoma Baba Yetu polepole, na kitakachotoka mtakila hivyo hivyo.

Mbithe wako